MacBook Haitakuandikia Tasnifu

Wasee, wacha niseme tu, na mkitaka kunimaliza kwa komenti ni sawa: hizi video za "vifaa vya mtafiti" zinatuharibia watu. Unazijua. Meza nyeupe, MacBook, iPad na kalamu yake, skrini mbili, kibodi inawaka taa kama matatu ya Rongai. Halafu komredi wa mwaka wa kwanza anatazama hiyo kitu akiwa kwa bedsitter yake Juja, anaamini hawezi kuandika hata propozo bila hizo vitu zote. Anachukua mkopo wa simu. Ama anapigia mzazi kijijini, na mbuzi inauzwa.

Mimi pia natengeneza kontenti, kwa hivyo hii biashara naijua. Linki iko chini ya video, ukinunua mwenye video anakula kamisheni. Hakuna ubaya mtu kutafuta riziki. Ubaya ni kuambia mtoto wa wenyewe kwamba hiyo ndiyo tiketi ya usomi.

Tupige hesabu kidogo. Chapta ya 3 za watu wengi ziko na namba moja: 384. Ndiyo sampuli fomula inakupa ukiwa na watu wengi sana wa kuchunguza, ukitaka uhakika wa asilimia 95 na kosa la asilimia 5. Sasa weka hao watu 384 kwa Excel, kila mmoja mstari wake. Karatasi moja ya Excel inabeba mistari 1,048,576. Yaani unanunua trela ya kubeba kilo moja ya sukari. Laptopu ya ex-UK yenye RAM ya GB 8 na SSD itafanya hiyo kazi ikisinzia.

Wangari Maathai alipata PhD yake Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 1971, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati. IBM ilitoa PC yake ya kwanza 1981. Fikiria hapo.

Lakini kitu kinaniuma zaidi ni hii: watu wanatumia pesa yote kwa mashine, halafu hawajui programu za kuweka ndani. Unapata mtu ana laptopu ya laki na kitu, na SPSS ya wizi aliyowekewa saiba, imejaa virusi. Ama mbaya zaidi, analipa mtu amfanyie Chapta ya 4. Siku ya kutetea kazi yake, paneli inamuuliza p-value yake inamaanisha nini, anaangalia dari. Hapo MacBook itakusaidia na nini, buda?

Na dawa iko, tena ya bure. R ilianzishwa miaka ya 1990 na Ross Ihaka na Robert Gentleman, walimu wa Chuo Kikuu cha Auckland, na mpaka leo hailipishwi hata shilingi. Ukiogopa kuandika kodi, kuna jamovi: imejengwa juu ya R, lakini unabonyeza menyu tu kama SPSS.

Kukusanya data je? Dodoso la kurasa 5 kwa watu 384 ni kurasa 1,920 za kuprinti, halafu ukae wiki nzima ukiingiza majibu kwa komputa moja moja. KoboToolbox inakaa kwa simu yako ya Android, ile ile yenye kioo imepasuka. Unajaza fomu hata mahali hakuna netiweki, ukirudi mjini inatuma yenyewe. Mashirika ya misaada yanaitumia kazini, na ina kiwango cha bure. Wewe uko na simu hiyo mfukoni, na bado unapanga laini ya fotokopi.

Marejeleo? Zotero. Ilitoka George Mason University, Marekani, mwaka wa 2006, na ni ya bure. Unabandika DOI ya makala, inakuletea mwandishi, mwaka, jarida, kila kitu. Na kwa sababu najua mnatumia AI, sikieni: AI hubuni marejeleo bila haya. Bandika DOI kwa Zotero. Isipopatikana, itafute kwa mkono kabla uiandike popote. Hata makala ikiwa imefutwa na jarida lake, Zotero inaweza kukuonya.

Najua kuna mtu ashaanza kuandika, "Lakini mimi nafanya uhandisi." Sikatai. Kama unachora ramani za setilaiti, unahariri video ama unafundisha modeli kubwa, mashine ya nguvu si maringo, ni jembe. Hata hivyo jaribu Google Colab kwanza, inakuazima nguvu ya kompyuta zao bure, kwa kiasi. Na betri inayodumu pia ni hoja, kwa hii nchi ya stima kupotea. Nunua ukijua ni kazi gani imekushinda bila hiyo kitu.

Vyuo navyo visijifiche nyuma ya sisi wa video. Unawezaje kudai mwanafunzi alete matokeo ya SPSS, halafu usimpe leseni wala kumfundisha? Huyo umemtuma saiba kwa wizi. Wiki moja ya kufundisha Zotero, Kobo na R mwaka wa pili ingeokoa watu wengi kuliko hotuba zote za siku ya kwanza.

Pesa ikibaki, nunua usalama. Kanuni ni 3-2-1: nakala 3 za kazi yako, kwa vyombo vya aina 2, na 1 ikae mbali na hapo unapolala. Laptopu, diski ya nje, na Google Drive, ambayo inakupa GB 15 bure. Wezi wa hosteli hawaulizi umefika chapta gani.

Kwa hivyo usiku wa leo, kabla ubonyeze linki ya mtu yeyote, hata yangu, weka Zotero na upandishe tasnifu yako kwa Drive. Ukimaliza, sasa njoo kwa komenti tubishane.