Muguka ni zao, na mtoto wa Pwani ni nini?

Ndugu zangu, Kenya haina tatizo moja la mihadarati. Kila eneo lina lake. Kati ni pombe ya sumu, ile iliyoua watu Kirinyaga Februari 2024. Magharibi ni busaa na chang'aa. Kaskazini Mashariki ni miraa kutoka Meru. Huku kwetu Pwani ni unga na, siku hizi, muguka.

Unga uko Pwani kwa sababu unapita Pwani. Mwaka 2014 meli ya kijeshi ya Australia ilikamata kilo 1,032 za heroini kwenye jahazi, si mbali na Mombasa. Mzigo mkubwa huwa wa nje. Kidogo kinachobaki ndicho kinachoishia maskani. Ongeza hapo vijana waliokosa kazi wakati kontena zililazimishwa kupanda SGR hadi Nairobi. Halafu watu wanashangaa mateja wanatoka wapi!

Sasa hii ya muguka ndiyo inayonikera. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir aliipiga marufuku Mombasa, Kilifi na Taita Taveta wakafuata. Haikupita hata wiki mbili, viongozi wa Embu wakaingia Ikulu wakatoka na jibu: marufuku ni batili, muguka ni zao linalotambuliwa na sheria. Korti nayo ikasimamisha amri.

Sina ugomvi na mkulima wa Mbeere. Kule ni kukavu, mahindi hayana uhakika, na muguka ndiyo karo ya watoto wake. Lakini miezi miwili tu kabla ya hapo, Machi 2024, serikali hiyo hiyo ilisimamisha leseni za watengenezaji wa pombe kali za bei rahisi. Wale pia walikuwa na leseni, wafanyakazi na ushuru waliolipa. Mbona kwao iliwezekana, na sisi tukaambiwa tuheshimu biashara?

Na kama marufuku haiwezekani, basi tuongee pesa. Gari la muguka likiingia kaunti linalipa ada. Hiyo ada inaenda wapi? Methadoni ilianza kutolewa nchini mwishoni mwa 2014, na kliniki ziko, Malindi na Kisauni. Shida ni kwamba mgonjwa anainywa pale pale mbele ya muhudumu, kila siku. Mtu hana kibarua, nauli ya kila siku ataitoa wapi? Akikosa siku mbili tatu anarudi kwa unga, na mtaani tunasema "huyo hataki kupona".

Nataka ada ya muguka ilipie nauli hiyo, na ilipie kliniki karibu na watu. Na kibanda kilicho mlangoni mwa shule au madrasa kinyimwe leseni, hilo kaunti haihitaji ruhusa ya Ikulu.

Vikao vya maoni ya wananchi kuhusu bajeti vikitangazwa, tujitokeze. Akina mama wenye watoto maskani waketi mbele, wao ndio waulize kwanza.