Sadaka Isiyopigiwa Mbiu

Kutoa ni moyo, si utajiri. Methali hii twaitamka kila siku, lakini mtu akitazama namna sadaka zinavyotolewa siku hizi, atadhani maana yake imepinduliwa, na kwamba kutoa ni picha, si moyo.

Jumapili, Novemba 17, 2024, Rais William Ruto alikwenda kusali katika kanisa la Kikatoliki la Soweto, Kayole, jijini Nairobi. Alitoa shilingi 600,000 kwa wanakwaya na watoto wa kanisa, na milioni 2 za kujengea nyumba ya padre, akaahidi milioni 3 nyingine pamoja na basi. Gavana Johnson Sakaja naye alitoa 200,000. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo alitangaza kuwa fedha hizo zitarudishwa na ahadi hazipokewi. Ilikuwa ni siku chache tu baada ya maaskofu kuikosoa serikali hadharani.

Huenda msomaji akauliza, hayo ya kanisani yatuhusu nini sisi watu wa Pwani? Yatuhusu sana.

Kwa Wakristo, sadaka hutolewa katikati ya sala kwa kuwa yenyewe ni ibada. Injili ya Marko, sura ya 12, yasimulia kuwa Nabii Isa aliketi kulielekea sanduku la hazina katika hekalu la Jerusalemu, akiwatazama watu wakitia fedha. Matajiri walitia nyingi. Kisha akaja mjane maskini akatia visarafu viwili tu, naye akahukumu kuwa huyo ndiye aliyetoa kuliko wote, maana wenziwe walitoa kilichowazidi, na yeye alitoa riziki yake yote. Injili ya Mathayo, sura ya 6, nayo yawakataza waumini kujipigia baragumu watoapo. Hata mkono wa kushoto usijue la mkono wa kulia.

Aliyepita chuoni atatambua kuwa maneno hayo si mageni kwetu. Katika hadithi ya watu saba watakaopata kivuli cha Mwenyezi Mungu siku ambayo hakuna kivuli kingine, mmoja wao ni aliyetoa sadaka akaificha, hata mkono wake wa kushoto usijue kilichotolewa na wa kulia. Na yule mjane wa Jerusalemu ana mwenziwe Madina. Masahaba walipoamrishwa kutoa sadaka, wasio na kitu walikwenda kubeba mizigo kwa ujira ili wapate cha kutoa. Abu Aqil akaja na nusu pishi ya tende. Wanafiki wakamcheka, na aliyeleta kingi wakasema ajionyesha. Hapo ndipo ikashuka aya ya 79 ya Sura Tawba kuwakemea.

Sasa tujitazame. Ikifika Ramadhani, huja lori la unga, sukari na tende, na mifuko imechapwa sura ya mheshimiwa. Wajane husimamishwa foleni juani, na kila mmoja hapokei mfuko wake mpaka ageukie kamera. Mama aliyevaa buibui umri wake wote, akasitiri uso wake na shida zake, usiku huo huonekana katika simu za mji mzima akiwa ameshika kilo mbili za unga. Je, hiyo ni sadaka au ni biashara? Mimi naona mama huyo ameununua unga ule, tena kwa bei ghali kuliko ya dukani, maana ameulipia kwa heshima yake. Na Sura Baqara, aya ya 264, imekwisha kutuonya kuwa masimbulizi na udhia huibatilisha sadaka.

Wako watakaosema kuwa kutoa hadharani huwatia wengine hamu, na kuwa tangu 1963 Harambee imejenga shule nyingi kwa njia hiyo hiyo. Ni kweli, na Kurani yenyewe, katika aya ya 271 ya sura hiyo hiyo, haikukataza sadaka ya dhahiri. Imesema ni njema, ila ya siri kwa mafukara ni bora zaidi. Basi la kutangazwa na litangazwe: haja iliyopo, kiasi kilichopatikana na hesabu ya matumizi. Lakini uso wa maskini haumo katika hesabu hiyo.

Kwa hivyo nawaomba wazee wa kamati za misikiti yetu mambo matatu. Kwanza, chakula cha Ramadhani kipelekwe majumbani, usiku ikiwezekana, bila ya kamera. Pili, mtoaji asipewe kipaza sauti msikitini. Tatu, pesa zikija na sharti la kusifiwa au la kunyamazishwa, zirudishwe, kama alivyothubutu kutangaza jirani yetu wa Nairobi. Najua hilo la tatu ni zito, hasa paa la madrasa likivuja.

Lakini tukumbuke tulipotoka. Katika misikiti yetu ya kale mna visima ambavyo waliovichimba hatuwajui majina. Vizazi na vizazi vimetawadha kwa maji yale, na hakuna aliyewahi kuombwa ageuke apigwe picha.