Maziwa ya Ngamia Mezani Kwako

Ukifika Bute, kaskazini mwa Wajir karibu na mpaka wa Ethiopia, kinywaji utakachopewa ni maziwa ya ngamia. Nchi ni kame, lakini ngamia hula majani ya migunga na huendelea kukamuliwa hata ng'ombe wakikauka. Maziwa yake yana vitamini C nyingi kuliko ya ng'ombe, faida kubwa pale mboga zinapokosekana. Yakikaa siku moja au mbili katika chombo kilichofukizwa moshi huwa suusac: machachu, mepesi, hayagandi kama maziwa lala. Yanapendeza kwa anjera, nyirinyiri au tende. Ukinunua mabichi mjini, yachemshe kwanza, kwani huweza kuambukiza brusela. Weupe wa maziwa si usafi wake.