Tusifungue Kidonda Kisha Tukaondoka

Likizo iliyopita nikiwa nyumbani Mazwi, niliombwa kusaidia semina ya siku moja ya uponyaji wa majeraha ya moyo katika kigango kimoja. Tuliimba, tukasali, kisha tukawaalika wenye mizigo waiseme mbele ya wote. Mama mmoja alisimama akasimulia jambo alilolificha miaka mingi. Alilia, nasi tukalia. Saa kumi jioni tulifunga kwa sala, nikarudi nyumbani nikiamini kwamba kazi imefanyika.

Wiki mbili baadaye tulikutana sokoni. Akaniambia, "Frateri, tangu siku ile silali. Mlinifungua, mkaenda zenu."

Sikuwa na la kujitetea. Nasoma falsafa, si saikolojia, lakini tangu siku ile nina msimamo mmoja: kumwalika mtu afungue jeraha la moyo bila kupanga nani atakuwa naye kesho yake ni kumwumiza mara ya pili, hata kama tunafanya hivyo kwa nia njema.

Judith Herman, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, aliandika mwaka 1992 kwamba kupona kiwewe kuna hatua tatu: kwanza usalama, kisha kukumbuka na kuomboleza, mwisho kuungana tena na watu. Sisi tulirukia ya pili. Hatukujua kama mama yule anarudi kwenye nyumba yenye amani, wala kama waliomsikia watatunza siri yake.

Wapo watakaosema: huku kwetu wataalamu ni wachache, Hospitali ya Mirembe iko Dodoma, basi heri kidogo kuliko kukosa kabisa. Hoja hiyo ina uzito. Lakini tuwatazame jirani zetu wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 2013 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika vijijini mashariki mwa Kongo, kwa wanawake waliofanyiwa au kushuhudia ukatili wa kingono. Waliowahudumia hawakuwa madaktari, bali wasaidizi Wakongo waliofundishwa kazi hiyo na kusimamiwa. Kikao cha kwanza kila mama alikaa peke yake na msaidizi. Vikao kumi na kimoja vilivyofuata walikaa kikundi. Miezi sita baada ya vikao kwisha, nafuu yao ilikuwa bado ipo.

Kwa hiyo uchache wa wataalamu hautoshi kuwa udhuru. Wenzetu walianza faragha, wakarudi tena na tena, na aliyesikiliza naye alikuwa na wa kumwongoza. Hayo hata parokia inaweza kuyaiga. Kabla ya semina, mtu aulizwe pembeni anataka kusema nini na kwa nani, naye ajue kwamba kunyamaza pia ni haki yake. Wanaosikia waahidi kutunza siri. Achague mwenyewe mtu wa jumuiya yake atakayemtembelea majuma yanayofuata. Na akikosa usingizi mfululizo au akitaja kufa, asindikizwe hospitali, asiambiwe tu aongeze sala. Kama hatuwezi hayo, basi tusali pamoja na tusimwombe mtu ushuhuda.

Katika mfano wa Msamaria mwema tunahubiri sana mafuta na divai. Tunasahau kwamba naye alikuwa safarini na hakuweza kubaki. Ndiyo maana alimtafutia majeruhi nyumba ya wageni, akamwachia mwenye nyumba dinari mbili, akaahidi kurudi.

Kabla ya kurejea seminarini nilikwenda kwa mama yule kumwomba radhi. Nilimuuliza angependa nani awe anakuja kumwona. Akamtaja mama mwenzake wa WAWATA, ambaye sasa humtembelea kila Jumatano. Likizo ijayo, Mungu akipenda, nami nitarudi.