Uso wa Kukhu si Ardhi ya Ukame

Nianze na ugomvi moja kwa moja. Ule mtindo wa kuchukua picha ya mzee wa kijijini, ukamlaza udongo uliopasuka usoni, ukamwotesha mizizi shingoni kisha ukaiposti na maneno "Mama Afrika", umenichosha. Umenichosha kama fundi wa picha, na umenichosha zaidi kama mtoto wa Butula. Najua utaniambia hiyo ni sanaa. Sawa, hata sanaa hugombewa.

Mnazijua picha ninazosema. Kuna ajuza mmoja, kitambaa kichwani, anaangalia pembeni kwa sababu mpiga picha alimwambia asiangalie kamera. Mashavu yake yamegeuka bwawa lililokauka. Jicho moja limeachwa ling'ae, la pili limemezwa na gome la mti. Siku hizi hata jasho halikutoki. Unaiandikia programu ya AI sentensi moja, nyufa zinakuja zenyewe, kana kwamba mashine nayo imeshaambiwa kwamba uzee wa Mwafrika ni ukame.

Kabla mtu hajasema nina wivu: kazi yangu ni hii hii. Niko kwenye kibanda Bumala, pale barabara ya Kisumu kwenda Busia inapoachana na ile ya Butula na Mumias. Tunatoa picha za pasipoti, kadi za harusi, vijitabu vya mazishi, na jioni umeme ukiwepo nachanganya picha kwa raha zangu. Leya juu ya leya. Napenda uso ukianza kuwa kitu kingine. Sina shida na ndoto.

Na ndoto hizi hatukuletewa na kompyuta. Huko Lamu, Omar Said Bakor, aliyefariki mwaka 1993, alikuwa na studio iliyojulikana kwa picha za kuunganisha: mtu anawekwa pamoja na vitu ambavyo kamera haikuwahi kuviona naye mahali pamoja. Hakuwa na Photoshop. Toleo la kwanza la Photoshop lilitoka 1990, na leya zenyewe zikaja 1994, wakati mzee ameshazikwa. Lakini mteja wa Bakor alikuwa anaingia studio kwa miguu yake, analipa, anaondoka na picha, anaitundika ukutani kwake. Ajuabi ilikuwa ya mteja. Hapo ndipo tofauti inapoanzia.

Au mchukue Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi. Kwenye kolaji zake amebandika vipande vya majarida ya mitindo na ya ngono juu ya michoro ya kitabu cha zamani cha udaktari, ile ya magonjwa ya wanawake. Nyuso zinatisha, na lazima zitishe. Lakini kila kipande kinashtaki mtu. Ngozi ile ya karatasi imetoka kwa watu waliokuwa wanaupima, wanaupiga picha na kuuza mwili wa mwanamke. Sasa nikuulize wewe, msanii wa nyufa: huo udongo wako umetoka wapi? Umetoka kwenye tovuti ya picha za bure, umepigwa jangwani, nchi ambayo hata wewe huijui jina.

Manze, Butula kunanyesha! Mvua ndefu zikija Machi hadi Mei, barabara ya udongo inakuvua kiatu. Mvua za pili zinakuja tena baada ya katikati ya mwaka. Hapa kuna miwa, mihogo, mtama, migomba, na majani yanayoota hadi ndani ya choo. Ukimwekea kukhu wa Marachi ardhi ya ukame usoni umemhamisha bila kumwambia. Umempeleka kwenye zile picha za njaa ambazo dunia ilizoea kuziona tangu Ethiopia ya 1984, ambapo Mwafrika na ardhi iliyopasuka walipigwa picha pamoja hadi wakawa kitu kimoja. Halafu unasema umemheshimu.

"Lakini mikunjo ni hekima, bro. Udongo ni asili yetu." Nimeisikia hiyo mara nyingi. Basi nieleze jambo moja. Mwaka 2022, kabla ya uchaguzi wa Agosti, mabango yalijaa kuanzia Malaba hadi Bumala, kwenye nguzo, kwenye miti, kwenye kuta za watu bila ruhusa. Wagombea wengine walikuwa wazee kabisa, umri wa kukhu. Kuna bango lolote uliloliona lenye gome la mti usoni? Hata moja? Mheshimiwa alilainishwa hadi akafanana na sahani. Madoa yalitolewa, macho yakang'arishwa, kidevu cha pili kikapotea kabla ya kampeni kuisha. Kama nyufa ni hekima, mbona yule anayeomba kura kwa sababu ya hekima yake hakuwekewa hata ufa mmoja? Sisi mafundi tunajua jibu. Mheshimiwa angetunyima pesa. Kukhu hana la kutunyima, picha yake tumeipata bure.

Tuje kwenye ufundi, maana hapa ndipo watu hujificha. "Nimefuata mafunzo ya YouTube hatua kwa hatua." Haya, tupige hesabu. Programu ya picha inahesabu mwanga kutoka 0, ambayo ni giza tupu, hadi 1, ambayo ni weupe tupu. Ile modi inayopendwa na kila mwalimu wa mtandaoni, Overlay, ina kanuni mbili ndani yake. Kama sehemu ya uso iko chini ya nusu, inazidisha mwanga wa uso kwa mwanga wa teksicha, mara mbili. Kama iko juu ya nusu, inageuza hesabu na kufanya kazi upande wa mwanga. Sasa chukua ufa mweusi kwenye udongo, tuseme 0.2. Uulaze juu ya shavu jeupe la 0.8, kama la wale wanamitindo wa kwenye video: unapata 0.68. Shavu bado lipo, ufa unaonekana kama mstari wa penseli. Uulaze ufa huo huo juu ya shavu la 0.3, shavu letu sisi: mara mbili ya 0.3 kwa 0.2 ni 0.12. Umefuta zaidi ya nusu ya mwanga wa mtu. Ukitumia Multiply, shavu la 0.8 linaanguka hadi 0.16 na letu linafika 0.06, hapo ni usiku.

Kwa hiyo ule upole unaouona kwenye video ni wa ngozi ya yule mtu wa kwenye video. Haukuahidiwa wewe. Na hili si jipya. Kwa miaka mingi maabara za picha za rangi zilisawazisha mashine zao kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, picha ya mwanamke mweupe, naye ndiye aliyekuwa kipimo cha ngozi sawa. Wazee wetu wakatoka kwenye picha wakiwa meno na shati. Leo tuna programu kwenye simu ya bei rahisi, tuna uhuru wote, na tunarudisha giza lile lile kwa mikono yetu na kuliita staili.

Mimi huwa nafanya hivi, na sitaki siri. Kwanza nainua mwanga wa kati wa uso kabla ya teksicha yoyote kugusa. Nachagua teksicha nyepesi na kutumia Screen, ambayo inaongeza mwanga, badala ya zile zinazokula. Nashusha nguvu ya leya hadi asilimia 20, mara nyingine 15. Halafu naweka maski na kuitoa teksicha yote machoni na mdomoni, pole pole, kwa brashi laini. Ile nukta ndogo ya mwanga ndani ya jicho ikizimika, umebaki na kinyago. Na printa ya kibanda haina huruma: rangi nyeusi tatu ambazo kwenye skrini unazitofautisha, kwenye karatasi zinakuwa doa moja.

Doa hilo nimeliona kwenye kijitabu cha mazishi. Kwetu mara nyingi familia inakuja na picha moja tu ya marehemu. Wakati mwingine ni ile ya kitambulisho, imekwaruzika, dogo kama stempu. Wanasema, "Tutengenezee vizuri, mazishi ni Jumamosi." Kuna familia ilikuja kwangu Ijumaa mchana na vijitabu vilivyokwisha kuchapwa kwingine. Kijana aliyevitengeneza alikuwa na kipaji, siwezi kukataa. Alikuwa amechanganya uso wa mama yao na gome la mti na mawingu. Binti mkubwa akanionyesha, kidole kwenye jalada, akaniuliza, "Ndugu yangu, huyu ni mama ama ni mti?" Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kweli. Tulikaa hadi usiku tukichapa upya, na ile picha ya kitambulisho, pamoja na mikwaruzo yake.

Huyo kijana hakumtukana mtu kwa kusudi, alifikiri gome ni gome tu. Lakini vuka tu mpaka hapo Busia, uendelee hadi Buganda, ukamwambie mzee kwamba gome ni urembo. Kule kuna lubugo, kitambaa kinachopondwa kutoka kwa gome la mti wa mutuba, ufundi uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Huvaliwa kwenye kutawazwa kwa wafalme, na maiti huzungushiwa. Ukimlaza mtu aliye hai lubugo usoni umeshasema jambo, upende usipende. Ukilisema ukijua, hiyo inaweza kuwa picha kali sana. Ningeitundika ukutani.

Kuna pia suala la ruhusa, nalo nitalipitia haraka kwa sababu sheria iko wazi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, uso wa mtu ni data yake. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliipiga baa moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Mteja wa baa ana simu na anaweza kulalamika. Mama wa Kingandole aliyepigwa picha akianika mihogo hata hajui kwamba uso wake una mizizi na umeuzwa kama bango la sebuleni.

Mkitaka ajuabi, Butula imejaa. Mtama uliotandazwa juani juu ya turubai. Mihogo iliyomenywa inayokauka juu ya mwamba. Mabati ya zamani yaliyoshika kutu. Kitenge kilichovushwa kutoka upande wa Uganda, kimekunjwa mara nane. Nilimuuliza mama mmoja anayeuza omena sokoni Bumala angependa uso wake uchanganywe na nini. Alinicheka kwanza. Halafu akasema, "Mwanangu, niwekee magamba ya samaki mkubwa. Miaka yote nauza hawa wadogo." Hiyo ndiyo picha ya ajabu kuliko zote nilizotengeneza mwaka huu, na wazo halikuwa langu. Magamba yanang'aa, kwa hiyo Screen iliyakubali bila ubishi. Ameitundika nyuma ya meza yake, wateja wanampigia kelele.

Msanii Osborne Macharia aliwahi kuwapiga picha mabibi waliovaa kama matajiri wastaafu wanaosafiri dunia kula raha. Hadithi ya kubuni kabisa, lakini wale mabibi wanaiangalia kamera kama watu wanaokudai.

Picha ya magamba ilinichukua saa tano. Ya nyufa ingechukua dakika kumi, najua, na ukija kibandani kutaka ya dakika kumi nitakuuliza huyo kwenye simu yako ni nani, anaitwa nani, na kama anajua uko hapa. Ukinijibu, tutakaa chini tufanye kazi, na bei itakuwa ya saa tano.