Mashine Haina Kosa, Maji Ndiyo Hayana Njia

Mwaka 2004 UNESCO iliyaingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Bahari ililaumiwa, na mvua nayo pia: maji yasiyo na mkondo yalikuwa yakila udongo chini ya kuta za matumbawe na chokaa zilizosimama kwa karne nyingi. Ilichukua miaka kumi ya ukarabati hadi magofu hayo yakaondolewa kwenye orodha hiyo, mwaka 2014.

Mwaka huo huo wa 2004, gesi ya Songo Songo, kisiwa kingine cha wilaya hiyo hiyo ya Kilwa, ilianza kuzalisha umeme Ubungo, jijini Dar es Salaam. Umeme ukaenea, mashine za kufulia zikafuata. Mabomba ya majitaka yakabaki yale yale ya zama za beseni.

Hapo ndipo maji yasiyo na mkondo, kama yale ya magofuni, yanapofurika sakafuni, na lawama humwangukia muuza mashine. Anaonewa. Mashine ya matenki mawili kwa kawaida humwaga maji taratibu, kwa uzito wake yenyewe. Ile ya otomatiki yenye pampu huyasukuma kwa kasi. Bomba la inchi moja na nusu, lenye kona tatu na mteremko wa kubahatisha, haliwezi kuyapokea. Linalofaa ni la inchi mbili, lenye mteremko wa sentimita 2 hadi 2.5 kwa kila mita. Mdomo wake usimame sentimita 60 hadi 90 kutoka sakafuni. Mpira wa mashine wa kutolea maji ukilazwa chini, maji huvutwa yatoke mashine ikiwa bado inajaza, nayo hujaza bila kukoma. Wapo mafundi wanaouziba mdomo huo kwa gundi ili usivuje. Wanaziba pia hewa inayohitajika kuzuia mvuto huo.

Maji yakishafurika, kwanza ni umeme. Kama yamefika kwenye soketi au waya wa kuongezea, zima swichi kuu, mradi mahali ilipo ni pakavu. Kuchomoa plagi miguu ikiwa majini ni kucheza na roho. Kisha tazama choo na masinki mengine. Maji yakiwa yanapanda huko pia, tatizo liko kwenye chemba au karo limejaa. Yakifurika pale kwenye mashine tu, shuku nyuzi za mataulo na mablanketi zilizogandamana na sabuni, au mchanga. Pwani mchanga haukosekani: hurudi na nguo za watoto kutoka ufukweni na kutuama kwenye mkunjo wa bomba. Fundi bomba apitishe waya; tindikali inayomwagwa kwa hasira huunguza mikono, na mara nyingi mchanga haiuyeyushi.

Kinga ni rahisi kuliko deki. Kung'uta nguo za mchanga nje, safisha kichujio cha mashine mara kwa mara, funga kitambaa cha wavu mwishoni mwa mpira na ukibadilishe kabla hakijajaa.

Lakini kosa kubwa hufanyika kabla mashine haijanunuliwa. Wajenzi wa Songo Mnara waliweka vyoo ndani ya nyumba zao za mawe, hivyo suala la majitaka walilifikiria mapema. Leo mwenye nyumba hujadili rangi ya vigae wiki nzima, bomba la kutoa maji akamwachia fundi aamue siku ya kumwaga zege. Halafu mfuniko wa chemba, kwa kuwa unaharibu sura ya ua, unafukiwa chini ya vigae hivyo hivyo, na siku ya mafuriko hakuna anayekumbuka uko wapi.