Kipimo Hakijui Kama Unafuga Mbuzi

Mgonjwa akitoka kwa daktari na karatasi ya maabara mkononi, anajiona amehudumiwa. Akikaa robo saa akiulizwa maswali, anatoka akinung'unika: "Daktari gani huyu? Ananiuliza mimi naumwa nini, yeye amesomea nini?" Malalamiko hayo nimeyasikia kwenye mabenchi ya zahanati, kwenye daladala, na hata kwa watu wenye elimu nzuri. Nyuma yake ipo imani kwamba ugonjwa hugunduliwa na kipimo, na kwamba kuuliza-uliza ni dalili ya daktari asiyejua. Siikubali imani hiyo. Kwa magonjwa ya kuambukiza, na zaidi kwa yale yanayotufikia kutoka kwa ng'ombe, mbuzi, panya na kupe, inatuumiza, na mara nyingine inatuua.

Imani hiyo haikuzuka bure. Kwa miaka mingi homa yoyote ilitibiwa kama malaria bila damu kuangaliwa vizuri. Mwaka 2004 ulichapishwa uchunguzi wa wagonjwa 4,474 waliolazwa katika hospitali za kaskazini mashariki mwa Tanzania wakitibiwa malaria kali. Slaidi zao ziliposomwa kwa makini, asilimia 46 tu ndio waliokutwa na vimelea vya malaria. Waliobaki, wale wasio na vimelea, walikufa kwa wingi zaidi: asilimia 12.1, wakati waliokuwa na malaria kweli walikufa asilimia 6.9. Walimwagiwa dawa ya ugonjwa wasiokuwa nao, na ule waliokuwa nao ukaachwa uendelee na kazi yake. Baada ya ushahidi wa namna hiyo kurundikana, Shirika la Afya Duniani likaelekeza mwaka 2010 kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Lilikuwa jambo la haki, na kile kipimo cha haraka cha tone la damu kimewafaa wengi. Anayetaka turudi kwenye kubahatisha, mimi simo.

Ila kipimo cha malaria kinajibu swali moja tu: malaria ipo au haipo. Kikisema haipo, mtu bado anatetemeka, bado anataka jibu, na daktari anajua kwamba akimrudisha nyumbani bila jina la ugonjwa ataonekana hajafanya kazi. Hapo ndipo yanapoandikwa yale mawili tunayoyajua sote, taifodi na UTI, na dirisha la dawa likatoa antibayotiki. Tafiti zilizofanyika katika nchi kadhaa za Afrika na Asia zimeonyesha kwamba kipimo cha haraka cha malaria kilipoingia, dawa za malaria zilipungua kutolewa ovyo, huku antibayotiki zikiongezeka kwa wale ambao hawakukutwa na malaria. Tumehamisha kubahatisha kutoka dawa moja kwenda nyingine, safari hii tukiwa na karatasi ya majibu ya kututuliza.

Tuitazame karatasi hiyo. Kipimo cha taifodi kinachotumika katika vituo vyetu vingi kinaitwa Widal, kwa jina la Fernand Widal, daktari Mfaransa aliyekieleza mwaka 1896. Mtaalamu wa maabara anaacha damu itengane, anachukua seramu, anaidondosha kwenye kadi nyeupe yenye miduara. Juu yake anaweka tone la dawa, moja la buluu na jingine jekundu. Anachanganya kwa kijiti, anaitikisa kadi taratibu kwa muda mfupi, kisha anainama na kuangalia kwa macho kama kuna chembechembe zinazogandamana. Zikigandamana, anaandika namba kama 1:80 au 1:160. Alichokiona ni kingamwili zinazoshikana na mabaki ya bakteria. Bakteria mwenyewe hajamwona. Na kingamwili hizo huweza kuwa za taifodi ya miaka iliyopita, za chanjo, za jamaa wengine wa bakteria huyo, hata za malaria. Ili Widal iwe na uzito unaofaa, damu inatakiwa ichukuliwe mara mbili, kwa kupishana siku 7 hadi 14, ionekane kama kiwango kimepanda mara nne. Ni nani kati yetu aliyewahi kuambiwa arudi kwa damu ya pili?

Sisemi taifodi haipo. Ipo, na inaua. Tafiti za Kibera, Nairobi, ziliikuta kwa wingi hasa kwa watoto, lakini ziliikuta kwa kuotesha damu, njia inayochukua siku kadhaa na ambayo bado huwakosa baadhi ya wagonjwa. Ninachokataa ni kuamini kwamba karatasi iliyosoma 1:160 imemaliza mjadala.

Hata kipimo bora kuliko hicho hakiwezi kusomwa peke yake, na hesabu inaonyesha kwa nini. Tuseme kuna kipimo kinachowanasa wagonjwa 90 katika kila 100 wenye ugonjwa fulani, na kuwaondoa watu 90 katika kila 100 wasio nao. Wengi wetu tungekiita kipimo kizuri. Sasa tuwapime watu 1,000 wenye homa, ambao 20 tu kati yao wana ugonjwa huo. Kitawanasa 18 katika wale 20. Lakini katika wale 980 wasio nao, 98 nao watasoma chanya. Tutakuwa na majibu chanya 116, na 98 kati ya hayo ni ya uongo, ingawa mashine haikuharibika na fundi hakukosea popote. Njia ya kuyapunguza majibu hayo ya uongo ni kuchagua wa kumpima, na huwezi kuchagua bila kuuliza. Yule mama aliyezalisha mbuzi kwa mikono mitupu mwezi uliopita na yule karani ambaye hajagusa mnyama tangu Krismasi hawana uwezekano sawa, hata homa zao zikisoma nyuzi zilezile. Jibu chanya kwa mama lina uzito, na kwa karani ni la kutilia shaka.

Mfano ulio wazi kabisa ni ule wa Moshi. Mwaka 2007 na 2008 watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi. Madaktari walikuwa wameandika malaria kwa asilimia 60.7 kati yao. Walipopimwa kwa uangalifu, malaria ilikuwa chanzo cha homa kwa wagonjwa 14 tu, asilimia 1.6. Katika wale waliochunguzwa magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama, asilimia 26.2 walikuwa nayo, yaani zaidi ya robo: homa ya mgunda, homa za kupe, homa ya Q na brusela. Wengine walikuwa na chikungunya. Na hapa ndipo panaponiumiza: hakuna hata mgonjwa mmoja ambaye magonjwa hayo ya wanyama, au chikungunya, yaliandikwa kuwa yanashukiwa siku alipolazwa. Chikungunya ilielezwa kwa mara ya kwanza na madaktari kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 katika uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanzania hiihii. Zaidi ya nusu karne baadaye haikumjia akilini yeyote mlangoni mwa wodi.

Vipimo visingewaokoa wagonjwa wale, kwa sababu hakuna aliyeviagiza, na hakuna aliyeviagiza kwa sababu hakuna aliyewaza. Maswali ndiyo yanayomfanya daktari awaze. Maziwa mnakunywa yakiwa yamechemshwa au mabichi? Kuna mnyama aliyetupa mimba karibuni, na nani aliyeokota kile kitoto? Umelima kwenye maji, kwenye mpunga, miguu ikiwa wazi, mahali penye panya wengi? Umekutwa na kupe mwilini? Umechinja, umechuna ngozi, umesafisha zizi kavu lenye vumbi? Brusela hupitia maziwa mabichi na uchafu wa uzazi wa mnyama. Homa ya mgunda hutoka kwenye mkojo wa panya na mifugo, ikapitia majini hadi kwenye mchubuko wa mguu. Homa ya Q hupeperushwa na vumbi la mahali mbuzi au kondoo alipozalia. Kila swali linaelekea kwenye ugonjwa wake, na baadhi ya magonjwa hayo, kama homa za kupe na homa ya Q, hayasikii zile sindano zinazozoeleka wodini, ilhali yanasikia doksisaiklini, dawa ya zamani na ya bei nafuu.

Madaktari wa mifugo wametutangulia katika hili. Ng'ombe hajielezi, kwa hiyo daktari wake amezoea kumhoji mwenye zizi: wangapi wameugua, wa umri gani, mvua ilianza lini, mbu wameongezeka, wamehamishiwa wapi. Homa ya Bonde la Ufa iligunduliwa hivyo karibu na Naivasha mwaka 1930, wana-kondoo walipokuwa wakifa kwa wingi na waliowahudumia nao wakiugua. Kati ya watafiti walioueleza, Daubney na Hudson walikuwa madaktari wa mifugo, Garnham alikuwa daktari wa binadamu, na ripoti yao ya mwaka 1931 ilieleza ugonjwa mmoja wa kondoo, ng'ombe na mtu. Uliporudi Kenya na Tanzania mwaka 2006 na 2007, wafugaji wa Kisomali wa kaskazini mashariki mwa Kenya walikuwa wameutambua kwa dalili za wanyama wao, na Wamasai wa kaskazini mwa Tanzania kwa mimba zilizotoka. Uchunguzi uliofanyika baadaye ulikadiria kwamba kati ya mnyama wa kwanza kuugua na mtu wa kwanza kuugua zilipita takriban siku 17. Siku 17 ni nyingi sana kwa daktari aliyeko wilayani, mradi mtu amuulize mfugaji au amsikilize.

Julai 2022, wilayani Ruangwa mkoani Lindi, watu walianza kuugua homa huku wakitokwa damu puani. Nchi nzima ikashika roho. Sampuli zikapimwa Ebola, zikapimwa Marburg, zikapimwa Uviko, zote zikarudi hasi. Kwa siku kadhaa tukawa na "ugonjwa usiojulikana". Ilikuwa sahihi kuanza na yale ya hatari kubwa, lakini majibu yale yote hasi hayakutuambia ulikuwa ugonjwa gani. Baadaye Wizara ya Afya ikatangaza kwamba ni homa ya mgunda: wagonjwa 20, vifo 3. Ugonjwa huo haukuwa mgeni kwetu. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kule Morogoro kimeuchunguza kwa miaka mingi katika panya, mifugo na watu.

Watakuja wanaosema dawa ya haya yote ni mashine kubwa zaidi, zile zinazosoma vinasaba vya vimelea. Nazitaka, na kila mkoa unazistahili. Lakini hata mashine hiyo inahitaji kuelekezwa. Vimelea vya homa ya mgunda huwa kwenye damu katika wiki ya kwanza, kisha huhamia kwenye mkojo. Ukipeleka damu ya wiki ya tatu utajibiwa hakuna kitu, na figo zinaendelea kuharibika. Siku ya kwanza ya homa anaijua mgonjwa peke yake. Upo pia upande wa pili wa kosa, kwamba kipimo cha ugonjwa sahihi kinaweza kuwa kibovu. Magharibi mwa Kenya, karibu mtu mmoja kati ya watano wenye homa alikuwa akiambiwa ana brusela kwa kipimo cha haraka cha vituoni. Damu zilezile ziliporudiwa kwa kipimo kingine, waliothibitika walikuwa wachache mno. Waliobaki walikuwa wanameza dawa za wiki nyingi bure.

Hoja nzito kuliko zote ni ya muda. Tabibu mmoja ana foleni inayofika getini, na maswali yanakula dakika. Hilo ni kweli, na lawama nyingi tunazowatupia matabibu zingepaswa kwenda kwa wanaopanga idadi ya watumishi. Lakini maswali matano niliyoyataja hayafiki dakika mbili, na muuguzi anayepima joto na uzito anaweza kuyauliza na kuyaandika kabla mgonjwa hajaingia ndani. Widal inakula muda zaidi, inalipiwa, na mara nyingi inamrudisha mgonjwa yuleyule kwenye foleni ileile baada ya wiki mbili.

Na mgonjwa naye asingoje kuulizwa. Mama mwenye homa inayokuja na kuondoka kwa wiki ya tatu, jasho usiku, kiuno na magoti yakimuuma, akisema tu, "Daktari, mbuzi wangu wawili wametupa mimba mwezi uliopita, na mimi ndiye niliyesafisha," amempa tabibu kitu ambacho hakuna kadi ya maabara ingekionyesha. Sasa kuna sababu ya kuagiza kipimo cha brusela na kukirudia kwa kingine kikisoma chanya, na sababu ya kumwandikia dawa mbili za wiki sita badala ya moja ya siku saba. Ipo pia sababu ya kumpigia simu afisa mifugo wa kata, achukue damu ya mbuzi waliobaki zizini na awapitie majirani wanaonunua maziwa pale kila asubuhi.